Bukini wamerudi, theluji nayo imegoma kuondoka

Kila ikifika Machi swali kutoka nyumbani ni lile lile: "Vipi huko Minnesota, baridi imeisha?" Jibu langu ni kwamba imeisha mara tatu na imerudi mara nne. Mtu anadhani natania. Sitanii. Hapa unaweza kutoka asubuhi na fulana, jioni ukarudi umevaa koti la Januari huku theluji inakupiga usoni, na wala hakuna anayeshangaa. Katikati ya vurugu hiyo ndipo unasikia kelele angani, kama mbwa wengi wanabweka kwa mbali. Ukiinua kichwa unaona mstari mrefu mweusi umekunjwa katikati kama herufi V. Bukini wamerudi.

Leo tuongelee vyote viwili kwa pamoja, bukini na hii theluji ya mwisho mwisho, kwa sababu ukielewa kimoja na kingine unakielewa. Na pia kwa sababu wengi wetu tulioko huku, Wakenya wa Brooklyn Park, Wakongo, Watanzania, tunaipitisha miezi hii tumenuna tu tunahesabu siku, wakati juu ya vichwa vyetu kuna sinema ya bure.

Tuanze na jina. Kiswahili tunasema bata bukini. Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, kwa hiyo ukilifungua neno unapata "bata wa Madagaska". Huyu ninayemsema hana habari na Madagaska. Ni bukini wa Kanada: shingo ndefu nyeusi, kichwa cheusi, mashavu meupe kama mtu aliyefungwa leso kidevuni kwa maumivu ya jino, na mwili wa kahawia. Walio wakubwa wana kilo tano, sita, na wapo wanaozidi hapo. Sio bata wa kukimbizana naye uani.

Sasa hali ya hewa. Majira haya vitabu vinayaita chipuko. Sisi tuliozoea masika, vuli na kiangazi neno hilo halituingii vizuri, maana kwetu kitu kikianza kuchipua ni kwa sababu mvua imenyesha. Huku kinachoamua ni jua. Minneapolis iko karibu kabisa na latitudo 45 kaskazini, yaani nusu ya njia kati ya ikweta na Ncha ya Kaskazini. Dar es Salaam urefu wa mchana wa Desemba na ule wa Juni unatofautiana kwa chini ya saa moja, ndiyo maana hakuna anayeujali. Hapa mwishoni mwa Desemba mchana wote una kama saa 8 na dakika 46, na mwishoni mwa Juni unazidi saa 15 na nusu. Machi na Aprili ndio wakati wa mbio zenyewe: kila siku inaongeza kama dakika tatu. Wiki mbili tu, umeongezewa zaidi ya dakika arobaini za mwanga. Hata mtu asiye na saa anaona.

Na jua hilo sio la mchezo. Katikati ya Aprili jua la hapa linapanda juu kama lile la mwishoni mwa Agosti, wakati watu wanaogelea. Sasa mbona theluji?

Kwa sababu jua linawahi, ardhi na hewa vinachelewa. Kaskazini mwa Kanada bado kila kitu ni cheupe, na theluji ina tabia ya kuurudisha mwanga angani kama kioo badala ya kuunywa, hivyo huko kunabaki friji. Wakati huo huo kusini, Ghuba ya Meksiko tayari ina maji ya uvuguvugu na hewa nzito ya unyevu. Ukitazama ramani ya Amerika Kaskazini utaona kitu cha ajabu: milima mikubwa ya Rocky inakwenda kutoka kaskazini hadi kusini, iko upande wa magharibi. Hakuna mlima wa maana uliolala kukatiza kati ya Aktiki na Ghuba. Ni kama nyumba yenye mlango wa mbele na wa nyuma vyote wazi. Hewa ya barafu inashuka, hewa ya joto inapanda, zinakutana sebuleni, na sebule ndiyo sisi.

Zikikutana, ile ya joto ambayo ni nyepesi inapandishwa juu ya ile ya baridi. Ikipanda inapoa, ikipoa unyevu wake unaganda au kuwa matone. Kama itakuwa mvua, mvua inayoganda, chembe za barafu au theluji, hilo linategemea nyuzi moja au mbili tu za joto katika tabaka za hewa juu yetu. Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wa hapa wanatukanwa sana mwezi huu. Dhoruba ikisogea kidogo tu kusini, mji uliotabiriwa sentimita 30 unapata manyunyu, na mji wa jirani unafukiwa. Mimi nawaonea huruma, hiyo kazi siiwezi.

Mfano hai ni Aprili 2018. Tarehe 13 mpaka 16, mchana wa jua lile lile la Agosti ninalolisema, Minneapolis ilipigwa na dhoruba ya theluji iliyoacha kama sentimita 40, kubwa kuliko dhoruba yoyote ya Aprili katika kumbukumbu za mji. Mwezi mzima ulimaliza na sentimita 66 hivi, rekodi nyingine. Timu ya besiboli ya Minnesota Twins, ambayo uwanja wake hauna paa, ikaahirisha mechi kadhaa. Ziwa Minnetonka, ambalo wenyeji wanaandika tarehe ya barafu yake kuisha tangu karne ya 19, lilifunguka tarehe 5 Mei, sawa na tarehe ya kuchelewa kuliko zote waliyowahi kuandika, ile ya 1857. Kwa kawaida linafunguka katikati ya Aprili.

Halafu chukua Machi 2012. Mwezi ule ule wa chipuko, lakini joto la mchana likapanda mpaka kupita nyuzi 25 za Selsiasi, watu na kaptula mitaani, na ziwa likawa wazi kabla Machi haijaisha. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 nayo yakawa ya joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa Minnesota. Sasa ukiwa wewe ni ndege, unapanga safari yako kwa kalenda ipi?

Hapo ndo bukini anaponivutia. Yule ndege ana saa mbili. Saa ya kwanza ni urefu wa mchana. Mwanga ukiongezeka, homoni mwilini mwake zinabadilika, anaanza kula kwa fujo, anajaza mafuta, anakosa utulivu. Saa hiyo haidanganyiki, maana jua halichelewi. Ingekuwa ni hiyo peke yake wangefika tarehe moja kila mwaka na wengine wangekufa njaa kwenye barafu. Kwa hiyo wana saa ya pili: mstari wa kuyeyuka. Mtafiti wa Marekani Frederick Lincoln alieleza katika kitabu chake cha 1935 kwamba bukini wa Kanada wanakwenda kaskazini wakiufuata kwa karibu mstari wa wastani wa joto la nyuzi 35 za Farenhaiti, yaani chini kidogo ya nyuzi 2 za Selsiasi. Maana yake ni rahisi. Hapo ndipo barafu inaanza kulegea. Bukini anahitaji vitu viwili tu, maji yaliyo wazi ya kulala usiku mbali na mbweha, na ardhi iliyo wazi ya kula mchana: majani mapya na punje za mahindi zilizobaki shambani tangu mavuno. Mstari ukisogea kaskazini, anasogea. Ukisimama, anasimama. Theluji ikirudi kwa nguvu, hana aibu, anageuza na kurudi kusini kilomita kadhaa au mia kadhaa, anasubiri, kisha anajaribu tena. Ukiona kundi linakwenda kusini mwezi wa Machi usidhani limepotea.

Swali la haki kabisa ni hili: kwa nini wasingoje tu mpaka Mei, kila kitu kiwe kijani? Mbona wanajitia kwenye kasheshe?

Kwa sababu anayechelewa anakosa nyumba. Sehemu nzuri za kutagia, visiwa vidogo, vichuguu vya matete katikati ya maji, zinachukuliwa na waliowahi. Pia vifaranga wanatakiwa waanguliwe wakati majani ndo kwanza yanachomoza, laini na yenye protini nyingi. Wiki mbili tatu baadaye majani yanakuwa magumu, na kifaranga aliyechelewa anakua kwa shida na kuingia safari ya vuli akiwa dhaifu. Kwa hiyo kila jozi inacheza kamari. Ukiwahi sana theluji inakukuta juu ya mayai. Ukichelewa wanao wanalipa. Hakuna tarehe iliyo salama.

Na hapa Minnesota wengi wanaanza kutaga mwishoni mwa Machi na mwezi wa Aprili, yaani katikati kabisa ya vurugu. Jike anataga mayai kama matano au sita, moja karibu kila siku moja na nusu, na haanzi kuyaatamia kwa dhati mpaka la mwisho limetoka. Hii ni akili ya hali ya juu: yai ambalo halijaanza kuatamiwa linalala tu, halikui, linavumilia baridi ya wastani, na wote watakuja kuanguliwa pamoja. Kisha anajinyofoa manyoya laini ya kifuani na kuyatandika. Akikaa, amekaa. Siku 25 mpaka 28, jike peke yake, anatoka kwa muda mfupi mfupi tu kunywa maji na kula kidogo, na kabla ya kutoka anayafunika mayai kwa yale manyoya. Dume hakai juu ya mayai hata siku moja, lakini usimwite mvivu. Yeye ni mlinzi, amesimama hatua chache, shingo juu kama antena.

Theluji ikianguka usiku, asubuhi unaweza kukuta kitu kama jiwe jeupe ufukweni, na katikati yake shingo nyeusi imechomoza. Ni yeye. Theluji imemfunika mgongo wote na haiyeyuki. Watu wanamsikitikia, wanasema maskini ameganda, kumbe kule kutoyeyuka ndiyo dalili njema: manyoya yake yanazuia joto lisitoke mwilini, halivuji hata la kuyeyusha theluji iliyo sentimita chache juu ya ngozi. Chini yake mayai yako kwenye joto la uhakika. Miguu nayo ina ujanja wake. Mishipa inayoshusha damu ya moto imelala bega kwa bega na ile inayopandisha damu ya baridi, hivyo joto linarukia upande wa pili kabla ya kufika kwenye vidole. Mguu unabaki wa baridi, juu kidogo tu ya kuganda, lakini moyo haupokei damu ya barafu. Ndiyo maana anasimama juu ya ziwa lililoganda kama amesimama kwenye zulia, na sisi na soksi tatu tunalia.

Hatari yenyewe iko kwingine. Maji ya theluji inayoyeyuka yanapandisha ziwa na kuzamisha viota vilivyo chini. Baridi kali ikimkuta akiwa bado anataga, kabla hajaanza kukaa, mayai yanaweza kuganda na kupasuka. Akiyapoteza mapema anaweza kujaribu mara ya pili. Akichelewa zaidi ya hapo, mwaka umekwenda. Kwa hiyo Aprili kama ya 2018 kwa binadamu ni hasira za kuchimba gari nje. Kwa jozi nyingi za bukini ni msimu mzima uko rehani.

Turudi angani kidogo, maana najua wapo mnaosubiri habari ya ile V. Ndege mzito akipiga mabawa anasukuma hewa chini, na pembeni, kwenye ncha za mabawa, hewa inajipinda na kupanda juu. Anayefuata akikaa nyuma na pembeni kidogo, bawa lake linaingia kwenye hewa inayopanda, anabebwa. Akikaa nyuma moja kwa moja anakula hewa inayoshuka, anaumia bure. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Mfaransa Henri Weimerskirch walichapisha vipimo vya mapigo ya moyo ya mwari weupe waliofunzwa kule Senegal, ndege wa aina ile ile mnaowaona Ziwa Nakuru. Wakiruka kwa mpangilio, mioyo yao ilipiga polepole zaidi kuliko wakiruka peke yao. Mwaka 2014 wengine wakaonyesha kwa kwarara kwamba ndege wa nyuma anapatanisha hata mapigo ya bawa lake na ya aliye mbele, asipoteze ile hewa. Wa mbele kabisa hana wa kumbeba, ndiyo maana ukiangalia muda mrefu utaona anarudi nyuma na mwingine anachukua nafasi. Siongezi mahubiri ya uongozi hapo, mmeshayapata ya kutosha kwenye semina na barua pepe za kusambaziana.

Zile kelele, kwa taarifa yenu, sio za bure. Wanaitana ili kundi lisiachane, na ndani ya kundi kuna familia. Jozi ya bukini kwa kawaida inakaa pamoja mpaka mmoja afe, na watoto wa mwaka jana wanarudi na wazazi wao mpaka huku kaskazini kabla ya kutengana. Hili la watoto kusafiri na wazazi ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ndege wengi wadogo wanazaliwa na ramani kichwani. Bukini hafanyi hivyo. Njia anafundishwa. Mzee asipokuwepo, hakuna safari. Mwaka 1993 Mkanada mmoja, msanii wa uchongaji Bill Lishman, aliwalea bukini toka wakiwa vifaranga, wakamzoea kama mzazi, akaruka mbele yao na ndege ndogo sana kutoka Ontario mpaka Virginia. Majira yaliyofuata wengi wao wakarudi wenyewe. Walishaonyeshwa mara moja, ikatosha.

Shika hilo la kufundishwa njia, maana linaeleza jambo ambalo wageni wengi hapa hawalielewi: mbona bukini wengine hawaendi popote?

Miaka mia moja iliyopita bukini wakubwa wa Kanada walikuwa wamekwisha kabisa, au watu walidhani hivyo. Waliwindwa bila kikomo, mayai yakaokotwa, mabwawa yakakaushwa yawe mashamba. Sheria ya 1918 ya kulinda ndege wanaohama ilisaidia, lakini kwa aina hii kubwa watu walisema imechelewa. Basi Januari 1962, mtaalamu Harold Hanson kutoka Illinois alifika mji wa Rochester, kusini mwa hapa, kwenye Ziwa Silver. Ziwa hilo lilikuwa haligandi lote kwa sababu kituo cha umeme kilikuwa kinamwaga humo maji ya moto, na bukini walikuwa wanakaa humo baridi nzima. Walipowapima, mizani ikasoma uzito usioaminika. Wakahisi mizani ni mbovu. Wakaenda dukani wakanunua sukari na unga wa uzito unaojulikana, wakaipima mizani yenyewe. Mizani ilikuwa sawa. Hawa walikuwa ndio wale "waliokwisha", wako katikati ya mji, wanatupiwa punje na wapita njia, na hakuna aliyejua.

Kuanzia hapo wakafugwa, wakasambazwa, wakaachiliwa majimbo mengi. Na wengi wa walioachiliwa hawakuwa na wazee wa kuwaonyesha njia ya kusini. Wakabaki. Wakazaana. Viwanja vya gofu vyenye nyasi fupi na dimbwi katikati vikawa kwao peponi, hakuna mbweha, hakuna mwindaji. Baridi nazo zikalegea, maji ya wazi yakaongezeka, sababu ya kuhama ikapungua zaidi. Leo Amerika Kaskazini ina mamilioni ya bukini wa Kanada. Ndege aliyeliliwa sasa analalamikiwa kwa kinyesi. Kwa hiyo unaposimama hapa mwezi wa Machi, unaona makundi mawili yaliyochanganyika bila lebo: wasafiri wa kweli wanaopita kwenda mbali, na wenyeji wasiojua kusini kukoje. Dalili mojawapo: wanaopita juu sana kwenye V ndefu bila kushuka, hao wana safari. Wanne wanaoruka chini juu ya maegesho ya duka, hao wanatoka bwawa la kushoto kwenda la kulia.

Tofauti hiyo iliwahi kuwa suala la wachunguzi wa ajali za ndege na wanasayansi, maana ndege ya US Airways namba 1549 ilipotua mtoni Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, ikiwa na watu 155 na wote wakapona, swali la kwanza lilikuwa: bukini walioingia kwenye injini ni wa hapa hapa au wa safari? Wataalamu wa Smithsonian wakachunguza kemikali za manyoya yaliyokwama injinini. Manyoya yanabeba alama ya mahali yalipoota. Jibu likawa wa safari, kutoka Labrador, Kanada. Kuua bukini wote wa mabustani ya New York kusingeizuia ajali ile, ingawa wa mabustani ndio walioandamwa zaidi baadaye.

Mnaniuliza, mbona watu hawawali? Wanawala, kwa leseni na kwa msimu. Nje ya msimu, kugusa ndege au kiota bila kibali ni kosa la sheria ya nchi nzima, na "sikujua, mimi mgeni" haisaidii. Mzee mmoja wa nyumbani aliniambia kwa simu, "Mwanangu, nyama kilo sita inatembea barabarani na mnaipisha?" Tunaipisha, mzee. Magari yanasimama foleni mpaka familia nzima ivuke.

Kwa wanaotaka kuwafaidi mwaka huu, nawapa machache niliyojifunza. Siku nzuri ni ile ambayo upepo wa kusini umevuma tangu usiku, baada ya siku kadhaa za baridi. Hapo waliokuwa wamekwama wanaruka pamoja, na unaweza kuona kundi baada ya kundi mpaka shingo ikuume. Sikiliza kwanza, halafu ndo utazame. Jioni nenda penye kipande cha maji kilichofunguka katikati ya ziwa, maana wanashuka hapo kulala, wanakunja mabawa na kuporomoka kama majani. Kama theluji inaanguka mkubwa mkubwa bila upepo, usikimbilie ndani. Kelele za magari zinamezwa, wanabaki wao tu.

Ila barafu usiikanyage. Ya Januari ilibeba malori, hii ya Machi na Aprili hata ikiwa nene imeoza ndani, imekuwa kama vijiti vilivyosimamishwa pamoja, inaachia ghafla. Kila mwaka kuna wanaotumbukia. Ikiwa ya kijivu, kaa mbali kabisa.

Kwenye viota, heshima. Dume akishusha shingo chini, akafungua mdomo na kutoa sauti kama tairi linalovuja, amekupa taarifa. Usikimbie, usimpe mgongo. Rudi nyuma taratibu huku unamtazama. Akikupiga bawa utalikumbuka. Mikate pia muache kuwapa, inawafanya wazoee watu, na mabwawa yanachafuka.

Na la mwisho ni zito kidogo. Tangu 2022 mafua ya ndege ya H5N1 yamesambaa sana Marekani. Machi ya mwaka huo, wakati wa msafara huu huu wa chipuko, yalifika kwenye mashamba ya batamzinga hapa Minnesota, jimbo linaloongoza kwa kuwafuga, na mamilioni ya ndege wakauawa. Bukini nao wanaupata, wengine wanakufa, wengine wanaubeba tu. Ukikuta aliyekufa au anayezunguka kichwa hovyo ufukweni, usimguse, waite watoto na mbwa warudi, toa taarifa kwa idara ya maliasili ya jimbo. Mwenye kuku nyumbani, na tupo, asiingie bandani na viatu alivyotembelea ziwani.

Wakati naandika haya nje kuna theluji nyembamba imeanguka alfajiri, na kufikia saa sita mchana imeshakuwa tope. Kwenye bwawa la nyuma ya majengo yetu jike amekaa tangu wiki iliyopita. Kama hesabu zangu ni sawa ataangua katikati ya Mei, na vifaranga wataondoka kiotani ndani ya siku moja, wanaogelea tayari. Mliopo Columbus, Toronto, Oslo na kwingineko, huko wamefika au bado? Tupieni hapo chini, na mtaje tarehe.